Kinachowaumiza mashoga na watransijenda sio jinsi walivyo

Mi ni mshauri wa saikolojia na kuna swali naulizwa sana, hata na watu wenye nia njema kabisa: kama mashoga na watransijenda (watu ambao jinsia wanayojiona nayo sio ile waliyoandikiwa walipozaliwa) sio wagonjwa, mbona sonona na mawazo ya kujiua vinawapata kuliko wengine? Takwimu hizo ni za kweli, tafiti za nchi nyingi zimeonyesha hivyo hivyo. Ila sababu sio ile watu wanayodhania.

Shirika la Afya Duniani liliutoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, ndo maana kila 17 Mei dunia inaadhimisha siku ya kupinga chuki dhidi yao. Watransijenda wakasubiri zaidi, mpaka toleo la 11 la orodha hiyo lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022 ndo wakatolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo kisayansi jambo limeshaisha, lakini watu bado wanaumia.

Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza vizuri kinachotokea, akasema ni stresi inayotokana na kuwa kwenye kundi dogo linalobaguliwa. Kutukanwa, kupigwa, kufukuzwa nyumbani, hayo kila mtu anayaelewa. Kinachosahaulika ni kule kusubiri, yaani hata siku ambayo hakuna aliyekutukana bado uko macho, unapima nani anakuangalia, ukiulizwa kazini wikendi ulikuwa na nani inabidi utunge jibu halafu ulikumbuke wiki ijayo, unaogopa simu yako isishikwe na mtu, na mwili haupati nafasi ya kutulia miaka na miaka. Halafu kuna lile baya kuliko yote, mtu anaanza kuyaamini yale aliyoambiwa tangu mdogo, anajichukia mwenyewe. Hapo hahitaji tena mtu wa kumbagua.

Sasa ongeza sheria. Nchi zaidi ya 60 bado zinahesabu mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima walioridhiana kuwa kosa la jinai, na nyingi zilirithi hilo kutoka kwa mkoloni Mwingereza, kwa mtindo wa kifungu cha 377 alichoiandikia India 1860 (India yenyewe mahakama ilikipunguza makali 2018, Botswana nayo mahakama ikafuta kifungu chake 2019). Watu huniambia mbona wanaokamatwa ni wachache. Jamani, madhara hayahesabiwi kwa waliokamatwa tu! Mtu akiibiwa haendi polisi, akitishiwa kuanikwa analipa pesa na kunyamaza, akiwa na virusi vya UKIMWI anaikwepa kliniki, na mwenye nyumba akimtoa hana pa kulalamika.

Na sheria ikibadilika afya inabadilika pia. Marekani utafiti uliotoka 2017 ulikuta kwamba majimbo yaliporuhusu ndoa za jinsia moja, majaribio ya kujiua kwa wanafunzi wa sekondari yalipungua kwa asilimia 7 hivi, na punguzo lilikuwa kubwa zaidi kwa wale mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote. Hao ni watoto, wala hawakuwa wanaoa. Nadhani walichosikia ni kwamba na wao wanahesabika.

Ndo maana zile "tiba" za kumbadilisha mtu zinanikasirisha sana. Zinamwongezea mtu kile kile kilichomuumiza. Malta ilizipiga marufuku 2016, na mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa akataka 2020 zipigwe marufuku dunia nzima. Kama una mtoto na kuna mtu anakuahidi atambadilisha, iwe mganga, mchungaji, shehe au mshauri mwenye cheti kama changu, usimpe mtoto wako. Mtoto mwenyewe mwambie leo leo kwamba nyumbani bado ni kwake, maana tafiti zinaonyesha wanaokubaliwa na familia zao wanajaribu kujiua mara chache kuliko wanaokataliwa.