Kusomea usaidizi wa kitabibu katika chuo cha jamii: majibu kwa ndugu zangu wanaonipigia simu

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu kuulizia kozi ya usaidizi wa kitabibu, ile ambayo hapa Marekani kila mtu huiita kwa kifupi MA (medical assistant). Wengi wanaouliza ni Waswahili wenzangu wa kusini mwa Seattle, waliotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, na baadhi yao walikuwa watumishi wa afya huko walikotoka. Nimeifanya kazi hii kliniki kwa miaka tisa, na huu ni mwaka wangu wa nne nikifundisha masomo ya vitendo katika chuo cha jamii. Naandika hapa yale ambayo kwenye simu huwa nakosa muda wa kuyaeleza yakaeleweka.

Nianze na jina, kwa sababu limewapotosha wengi. Mtanzania wa rika langu akilisikia humkumbuka yule mganga msaidizi wa zamani wa wilayani, aliyempima mgonjwa, akatambua maradhi na kuandika dawa, kada ambayo baadaye ikaja kuitwa matabibu. Msaidizi wa kitabibu wa Marekani hatambui maradhi wala haandiki dawa. Wala si yule mwenye shahada ya uzamili (physician assistant) anayetibu wagonjwa akishirikiana na daktari, ingawa majina yao kwa Kiingereza yanakaribiana mno. Tena si mlezi wa wazee anayesoma majuma machache na kwenda kuogesha na kulisha katika nyumba za kutunzia wazee, kazi ambayo wengi wetu tuliianza tulipofika. Msaidizi wa kitabibu ndiye anayekuita kwa jina pale unaposubiri, akakupima uzito, joto, mapigo na presha, akakuuliza unatumia dawa gani na zipi zinakudhuru, akaandika yote kwenye kompyuta kabla daktari hajaingia. Baadaye ndiye anayerudi kukuchoma chanjo, kukutoa damu au kukuwekea nyaya za kupima umeme wa moyo. Siku nyingine huwa mapokezi akipanga miadi na kuhangaika na makampuni ya bima.

Kozi hii hufundishwa pia na shule binafsi zinazoendeshwa kibiashara, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoumia. Nilipofika nchi hii nilijiandikisha katika shule moja iliyoahidi cheti kwa muda mfupi, nikalipa kwa mkopo, na nilipomaliza nikaambiwa na kliniki ya kwanza niliyoomba kazi kwamba mafunzo yale hayakuwa na ithibati waliyoitaka. Chuo cha jamii nacho kilikataa kuzitambua hata krediti moja kati ya nilizosoma. Nilianza upya, nikiwa bado nadaiwa. Ndiyo maana mtu akiniuliza swali lolote kuhusu kozi hii, mimi humrudishia swali moja: je, programu hiyo yenyewe, si chuo kwa jumla, ina ithibati ya CAAHEP au ya ABHES? Hizo ndizo taasisi mbili zinazotambulika kwa programu za fani yetu, na kuhitimu katika programu yenye ithibati ya mojawapo ndiyo njia kuu ya kuufikia mtihani wa AAMA, chama cha wasaidizi wa kitabibu kilichoundwa mwaka 1956. Orodha za programu hizo ziko wazi kwenye tovuti zao. Usitosheke na maneno ya mtu wa kuandikisha wanafunzi. Itafute orodha uione kwa macho yako.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma, ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na vimekuwepo tangu kile cha Joliet, Illinois, kilipofunguliwa mwaka 1901. Cheti cha usaidizi wa kitabibu huchukua takriban mwaka mmoja, na shahada ya awali (associate degree) miaka miwili. Mwenye kadi ya kijani na kipato kidogo anaweza kuomba ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo hairejeshwi, na ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Jaza fomu mapema.

Kabla ya kuruhusiwa kugusa mgonjwa, chuo kitataka uchunguzi wa rekodi za polisi, cheti cha kuokoa maisha kwa kubonyeza kifua, kinga ya homa ya ini aina ya B, na kipimo cha kifua kikuu. Hiki cha mwisho huwasumbua watu wetu bila sababu. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki, wengi tulichanjwa BCG utotoni, na kovu tunalo mkononi. Kile kipimo cha kuchoma tone la dawa ndani ya ngozi kinaweza kuvimba kwa ajili ya chanjo hiyo hata kama huna maambukizi, na mwanafunzi akaishia kutumwa picha ya kifua akiwa na hofu kubwa. Kipo kipimo cha damu ambacho BCG haikiathiri hata kidogo. Mwambie mhudumu kwamba ulichanjwa, ukaombe hicho.

Somo la kwanza linalowatisha wengi ni istilahi za kitabibu, na nina hakika kwamba hofu hiyo haina msingi kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili. Maneno hayo yametungwa kwa Kigiriki na Kilatini kwa kuunganisha vipande, na kila kipande kina maana yake, kama vile sisi tunavyojua bila kufundishwa kwamba ndani ya “hatutawaambia” mna kukanusha, mna sisi, mna wakati ujao, mna wao, na mna kitenzi. Aliyeizoea lugha ya namna hiyo hutenganisha istilahi haraka. Ukishajua kwamba kiishio cha “hepataitisi” ni uvimbe na mwanzo wake ni ini, basi “nefraitisi” huhitaji kukariri, unahitaji tu kujua figo. Penye hatari ya kweli ni viambishi viwili vinavyofanana sana masikioni, “haipa” kwa kilichozidi na “haipo” kwa kilichopungua, kwa sababu kuvibadilisha kwa mgonjwa wa kisukari ni kuhatarisha uhai wake. Wanafunzi wangu Waswahili nimewapa njia ambayo wenzao hawana: sukari ikishuka, sema “haipo”. Tangu nianze kuwafundisha hivyo sijaona Mswahili akikosea swali hilo.

Lakini uzito wa kozi uko maabara, na hapa nitakaa kidogo. Programu zenye ithibati ya CAAHEP zinamtaka mwanafunzi afaulu kila stadi ya vitendo iliyo kwenye mtaala, bila kubakisha hata moja. Huwezi kufidia sindano kwa alama nzuri za bima. Watu huja wakidhani kupima presha ni kufunga mkanda na kubonyeza kitufe, kisha wanashangaa nikiwaweka wiki nzima kwenye jambo hilo. Mgonjwa akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunjana, mkono umepumzika usawa wa moyo, na mkanda uwe wa kipimo cha mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu akaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Kisha anafundishwa kusikiliza kwa stetoskopu zile sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905, akiacha hewa itoke taratibu, milimita mbili hivi kwa sekunde: pigo la kwanza kusikika ndilo namba ya juu, na pale sauti zinapotoweka ndipo namba ya chini. Anayeachia hewa haraka atakosa vyote viwili, na mara nyingi ataandika namba ya kubahatisha. Hilo la kubahatisha namba ndilo kosa ambalo sistahimili darasani.

Kutoa damu nako kuna utaratibu ambao kwa mgeni huonekana kama matakwa ya mwalimu. Chupa za sampuli zina vifuniko vya rangi, na zinajazwa kwa mpangilio: ukiacha zile za kuotesha vijidudu ambazo hutangulia, huanza ya buluu ya maji, zikafuata nyekundu au ya dhahabu, kisha ya kijani, ya zambarau, na ya kijivu mwisho. Sababu yake iko ndani ya chupa. Ile ya zambarau ina EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, nayo imebeba potasiamu na hunasa kalisi. Ukiijaza kwanza, chembe yake inayobaki kwenye sindano ikaingia chupa inayofuata, maabara itaripoti potasiamu iliyopanda na kalisi iliyoshuka kwa mtu mwenye afya kabisa. Mwanafunzi akielewa sababu hiyo hasahau tena mpangilio. Mpira wa kufunga mkono usizidi dakika moja, na sharti ulegezwe kabla sindano haijatoka. Mimi nilisahau hilo mara moja nikiwa mwanafunzi, nikamchomoa mwenzangu sindano mpira ukiwa umekaza, damu ikamtiririka hadi kiwikoni na uvimbe ukamkaa wiki nzima. Mkufunzi wangu hakunifokea. Aliniambia nikamwombe radhi, kisha nirudie hatua zote kwa sauti, mara kumi, kwenye mkono wa plastiki. Adhabu hiyo naitumia hadi leo kwa wanafunzi wangu, na inafaa.

Baada ya maabara huja mafunzo kliniki, saa 160 zisizopungua, na kwangu mimi hazikuwa na malipo. Jiandae kwa hilo mapema, hasa mwenye watoto na kazi ya usiku, kwa sababu naona wanafunzi wazuri wakikwama hapo na si kwenye mitihani. Hapo pia ndipo mtu hujifunza jambo ambalo naliona ndilo kiini cha fani yetu, yaani kujua kazi yako inakomea wapi.

Nikiwa bado kwenye mafunzo hayo, nilimwita ndani mama mmoja mtu mzima. Nilipoliona jina lake na kumsikia anavyozungumza nikamwamkia, “Shikamoo mama,” akashtuka kwa furaha, “Marahaba mwanangu, kumbe u wetu!” Nilimpima, tukazungumza, na nilipofungua kompyuta majibu ya damu yake yalikuwa wazi mbele yangu. Aliniona nikisoma. Akanishika mkono akasema, “Niambie tu, mwanangu. Huyo daktari simwelewi.” Namba nilizielewa. Lakini kumweleza mgonjwa maana ya majibu ni kazi ya aliyeagiza kipimo, na kujua lugha mbili hakukunifanya mkalimani. Sheria ya huduma za afya inataka mkalimani aliyethibitishwa uwezo wake, na mimi sikuwa hivyo. Nilimwambia, “Mama, si kwamba nakuficha. Daktari ndiye mwenye jambo hili, nami sitakuacha umsikilize kwa Kiingereza.” Nikaenda kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa simu, tukasubiri dakika kama kumi na tano, daktari akaeleza yote, naye akauliza maswali manne ambayo kwa hakika nisingeweza kuyajibu. Ningebashiri, na yeye angeniamini.

Mtihani wa AAMA una maswali 200, ingawa yanayohesabiwa ni 180, na hufanywa katika vipindi vinne vya dakika arobaini. Ukifaulu, cheti hudumu miezi 60 kabla ya kuhuishwa. Majimbo mengi hayadai leseni ya serikali, lakini hapa Washington huwezi kufanya kazi bila kusajiliwa na idara ya afya ya jimbo, na aina ya usajili ndiyo inayoamua unaruhusiwa kufanya nini. Kwa mishahara, takwimu za serikali za Mei 2023 ziliweka kiwango cha katikati kuwa dola 42,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Kwa familia inayotegemea mshahara huo peke yake katika mji kama Seattle fedha hizo hazitoshi, na nawaambia hivyo wanafunzi wangu siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo wengi hunuia kuendelea hadi uuguzi, nami nawaunga mkono. Ila programu nyingi za usaidizi wa kitabibu zina somo lake fupi la anatomia na fiziolojia, ambalo programu za uuguzi mara nyingi hazilikubali, nao wanataka lile refu lenye maabara. Kama uuguzi uko moyoni mwako, mwulize mshauri wa masomo kabla ya muhula wa kwanza ikiwa unaweza kulichukua lile refu badala ya lile fupi, na jibu lake akuandikie kwa barua pepe.