Je, umeme wa bwawa hautoi gesijoto kabisa?

Wengi tumezoea kusikia kwamba umeme wa maji hautoi gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kwa hiyo ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haina haja ya kuzihesabu. Fikra hiyo inaeleweka: bwawa halina bomba la moshi.

Ila bwawa likijaa, miti na majani yaliyofunikwa na maji huoza kule chini ambako oksijeni ni haba, na kuoza huko huzaa methani, ambayo ni gesijoto. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huipasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Saruji ya ukuta wa bwawa nayo ina hesabu yake, kwa kuwa kuitengeneza hutoa kaboni dioksidi. Mabwawa mengi bado hutoa gesijoto kidogo kuliko makaa ya mawe. Lakini hayafanani, na lenye kina kifupi kwenye nchi ya joto ndilo la kuangaliwa zaidi.

Ukiipata ripoti, tafuta neno methani. Angalia kama msitu utafyekwa kabla ya maji kujazwa. Kisha gawanya megawati za umeme wa bwawa kwa kilomita za mraba za ziwa lake: jibu likiwa chini ya 4 hivi, yaani ziwa ni kubwa kwa umeme kidogo, mstari mmoja kuhusu gesi hautoshi.