Bustani ya Shule: Kazi ya Mtoto na Nafasi ya Anayejitolea

Wanajamii wanapojitokeza kusaidia bustani ya shule ya msingi, kosa lao la kwanza huwa la ukarimu, yaani wanafanya kazi nyingi mno. Watu wazima kumi wanaweza kuinua matuta, kupanda na kumwagilia kwa asubuhi moja, na watoto wanapofika wakakuta hawana la kufanya isipokuwa kutazama. Bustani ya namna hiyo hutoa mboga, ila mtoto hajifunzi chochote kwayo. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kipande chake cha kulima kando ya vile vilivyotunzwa kwa pamoja, na sababu yake ingali na uzito: mtoto hukifuatilia kwa makini kile alichokipanda mwenyewe.

Kazi zinazomfaa mtu mzima ni zile zinazozidi nguvu za mtoto, kama kuvunja ardhi ngumu, kubeba mboji, kujenga uzio na kuchagua mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi kwa siku. Tuta lisizidi upana wa mita moja, ili mtoto aliyechuchumaa pembeni afikie katikati bila kulikanyaga, kwani udongo ulioshindiliwa hupoteza nafasi za hewa na maji, na mizizi hupenya kwa shida.

Mbegu nazo zichaguliwe kwa kuzingatia subira ya mtoto. Figili huota ndani ya wiki moja na huweza kung'olewa baada ya wiki nne hivi, ilhali karoti inaweza kukaa hadi wiki tatu kabla ya kuchomoza, muda ambao kwa mtoto wa miaka saba ni sawa na kutoota kabisa. Maharage yana faida mbili: mbegu yake ni kubwa, hivyo vidole vidogo huishika bila taabu, na mmea uking'olewa kwa uangalifu huonyesha mizizini vinundu vinavyohifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mtoto aliyeviona vinundu hivyo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa.

Kina cha kupandia ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu, na mtoto aachwe akipime mwenyewe hata akikosea. Kazi ngumu kuliko zote, kwa uzoefu wangu, ni kupunguza miche iliyosongamana, kwa kuwa watoto huona kuwa wanaiua. Anayejitolea asiwafanyie usiku kwa siri. Aache kipande kimoja bila kupunguzwa, kisha wavune vyote viwili na kulinganisha. Vivyo hivyo katika kumwagilia, ambako watoto huzidisha kwa furaha: wafundishwe kuchomeka kidole udongoni kwanza, na wakikuta unyevu waache, kwa sababu mizizi iliyozama majini hukosa hewa na kuoza.

Usalama hauna mjadala. Samadi mbichi isitumike kwenye matuta ya watoto, kwa sababu hubeba vijidudu vya maradhi. Itumike iliyooza vizuri. Dawa za kuulia wadudu zisiwekwe wala kupulizwa mahali ambapo watoto hufanya kazi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika udongo, na wazazi wahakikishe kuwa chanjo ya pepopunda imekamilika. Shule nayo iwachunguze wanaojitolea kabla ya kuwapokea, na asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto bustanini.

Bustani nyingi hufa wakati wa likizo. Hapo ndipo jamii inapohitajika kuliko siku ya uzinduzi, na orodha ya zamu za kumwagilia, yenye majina na siku, iandikwe kabla shule haijafungwa. Hata hivyo, njia bora zaidi ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga. Ikiwa maharage mabichi ya aina fupi huchukua siku 50 hadi 60, yapandwe mapema kiasi kwamba aliyeyapanda ndiye atakayeyachuma, na zamu za likizo zibaki kwa mimea ambayo haikuweza kumaliza safari yake ndani ya muhula.