Ununuzi endelevu jikoni mwa mgahawa: maana yake hasa

Neno "endelevu" limebandikwa kwenye vitu vingi mno, kuanzia menyu hadi vijiti vya kuchokolea meno, mpaka limeanza kukosa ladha. Lakini mzizi wake ni mwepesi: kuendelea. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Ukiipeleka kauli hiyo jikoni, inageuka kuwa swali: nikiendelea kununua samaki huyu, nyanya hii na mafuta haya kwa namna hii hii, baada ya miaka kumi vitakuwepo? Na huyu anayeniuzia, atakuwepo?

Basi ununuzi endelevu katika biashara ya mgahawa ni utaratibu wa kupata viambato bila kukichosha chanzo chake na bila kumfilisi anayevizalisha. Nasema viambato kwa makusudi. Wengi wetu husema viungo, lakini viungo ni bizari, pilipili manga na jamaa zao. Hapa tunazungumzia kila kinachoingia sufuriani, kuanzia nyama hadi chumvi.

Nusu ya kwanza ya maana hiyo, chanzo kisichochoka, ndiyo inayojulikana zaidi. Mfano wake mchungu uko Newfoundland, Kanada, ambako samaki aina ya kodi (samaki, si ushuru) alivuliwa kwa takriban miaka 500. Karne ya 20 zikaja meli kubwa za kukokota nyavu, zenye uwezo wa kugandisha samaki humo humo baharini. Julai 1992, samaki hao wakiwa karibu kwisha, serikali ikafunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Marufuku ilikuja kuondolewa mwaka 2024, miaka 32 baadaye. Miaka mitano baada ya kufungwa kwa uvuvi huo, shirika la mazingira la WWF na kampuni ya Unilever, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa samaki wa kugandishwa, walianzisha Marine Stewardship Council, baraza linalothibitisha samaki waliovuliwa bila kukichosha chanzo, ambalo alama yake ya buluu huonekana kwenye pakiti za samaki katika nchi nyingi. Hata mnunuzi mkubwa alikuwa ameona kwamba bila samaki hana biashara.

Alama za namna hiyo zina kazi yake, hasa pale mnunuzi asipoweza kufika kwenye chanzo. Mgahawa ulio mbali na bahari hauwezi kumfuata mvuvi majini. Ila alama hulipiwa. Ukaguzi una gharama, na mvuvi mdogo anayevua kwa ndoano moja moja anaweza kuwa mwangalifu kuliko kampuni yenye cheti ukutani, akakosa tu fedha za kukipata. Kwa hiyo cheti kinakujibu maswali fulani, na mengine inabidi umuulize mtu mwenyewe.

Kuna kosa moja ambalo hata wapishi wazuri hulifanya: kudhani kwamba kinachotoka karibu ndicho endelevu. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek, uliochapishwa mwaka 2018 kwa kukusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba kwa vyakula vingi usafirishaji ni sehemu ndogo ya gesijoto zote, yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Sehemu kubwa hutokea shambani: matumizi ya ardhi, mbolea, kinyesi cha mifugo, gesi ya kwenye matumbo ya ng'ombe. Nyanya iliyokuzwa jirani ndani ya kitalu kinachopashwa joto kwa gesi msimu wa baridi inaweza kuchafua hewa kuliko ile iliyoiva juani ikaletwa kwa lori kutoka mbali. Chakula kinachosafirishwa kwa ndege ni habari nyingine, hicho gharama yake kwa hewa ni kubwa kweli. Ukaribu una faida, lakini faida yake kuu naiona mahali pengine: unaweza kumtembelea mtu, mkazungumza, ukaliona shamba lake.

Hapo tunaingia kwenye nusu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha dhana yote na ndiyo inayosahaulika. Ni uhusiano na mgavi, yaani yule anayeupatia mgahawa mahitaji yake: mkulima, mvuvi, mfugaji, au msambazaji anayekusanya kutoka kwa wengi. Siku hizi kila mnunuzi huuita uhusiano huo "ubia". Neno zuri, lakini lina uzito wake. Wabia hugawana faida, na hugawana hasara. Kama mvua ikiharibu mazao hasara ni ya mkulima peke yake, na wateja wakipungua Jumanne hasara ni ya mkulima tena kwa sababu oda imefutwa asubuhi, hapo hakuna ubia. Kuna muuzaji na mnunuzi, basi, na mmoja ana nguvu kuliko mwenzake.

Tatizo lenyewe ni la saa na majira. Jikoni huagiza usiku, baada ya kufunga, kwa ajili ya kesho. Mkulima wa nyanya aliamua miezi kadhaa nyuma apande ngapi. Mkulima wa kahawa aliamua miaka kadhaa nyuma, maana mche wa mbuni huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa vizuri. Watu wawili wanaofanya biashara pamoja, mmoja anahesabu kwa saa, mwingine kwa misimu. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ushirikiano na wagavi ni kuziba pengo hilo tu. Mpishi mkuu na mkulima wanakaa kabla ya msimu, wanakubaliana nini kipandwe, kiasi gani kitanunuliwa kwa uhakika na kiasi gani kitategemea hali, bei itapandaje au kushukaje, na itakuwaje mazao yakiwa machache au yakifurika. Makubaliano hayo yakiandikwa, mkulima anaweza kununua mbegu bila kubahatisha. Kuna wanunuzi wanaotoa malipo ya awali ili mbegu na mbolea zipatikane, na hapo neno ubia linaanza kuwa na haki ya kutumika.

Kisha kuna suala la kulipa. Ningeulizwa nitaje jambo moja la kwanza, ningetaja hili kabla ya mbolea ya asili, kabla ya alama yoyote. Mgahawa unaopokea fedha za mteja papo hapo lakini unamlipa mkulima baada ya siku 90 unakopa kwa mtu mwenye fedha kidogo kuliko wewe. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na agizo lake la mwaka 2019 kuhusu biashara zisizo za haki katika mazao ya kilimo na chakula linamzuia mnunuzi mkubwa kumlipa mgavi mdogo baada ya siku 30 kwa bidhaa zinazoharibika, au 60 kwa nyinginezo. Linakataza pia kufuta oda ya bidhaa zinazoharibika kwa taarifa ya ghafla, mzigo ukiwa hauna tena pa kwenda. Mgahawa mdogo huenda usiguswe na sheria hiyo, lakini kanuni yake inafaa popote.

Mbali na fedha, ubia unadai mabadiliko kwenye menyu, na hapa ndipo wapishi wengi hugoma. Kila ng'ombe ana vipande viwili tu vya ile nyama laini kabisa ya upande wa ndani wa mgongo. Migahawa yote ikitaka hiyo peke yake, mfugaji anabaki na ng'ombe karibu mzima wa kumtafutia mteja. Mnunuzi anayechukua pia shingo, miguu, maini na mifupa ya supu anamsaidia mfugaji kuliko anayelipa bei ya juu kwa kipande kimoja. Shambani mambo ni hayo hayo. Mpishi wa Marekani Dan Barber amesimulia mara nyingi jinsi alivyokwenda kuliona shamba la mkulima aliyekuwa akimuuzia ngano nzuri, akakuta ngano yenyewe ni sehemu ndogo tu. Maeneo mengine yalikuwa na nafaka nyingine na mimea ya jamii ya kunde, iliyopandwa kwa zamu ili kuirudishia ardhi rutuba. Bila hiyo mingine, ngano isingekuwa tamu vile, lakini hakuna aliyekuwa akiinunua kwa bei ya maana. Akaanza kupika shamba zima badala ya zao moja. Kwa mgahawa wa kawaida, maana yake ni menyu fupi inayobadilika, yenye mlo mmoja au miwili iliyoachwa wazi kwa chochote mkulima alichonacho kwa wingi wiki hiyo.

Chakula kinachotupwa nacho kimo humu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, na asilimia 28 ya hizo zilitoka kwenye huduma za chakula kama migahawa, hoteli na kantini. Mboga iliyolimwa kwa uangalifu wote ikaishia kwenye pipa la jikoni imekuwa kazi bure.

Na ushahidi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ununuzi endelevu ni uwezo wa kufuatilia: kiambato hiki kilitoka wapi, lini, kwa nani, kwa njia gani. Hati ya kupokelea mzigo yenye jina la shamba na tarehe ya mavuno ina thamani kuliko sentensi tano za mapambo kwenye menyu. Mwaka 2016 gazeti la Tampa Bay Times la Florida lilichapisha uchunguzi wa mwandishi aliyechukua menyu za migahawa akaanza kuwatafuta wakulima na wavuvi waliotajwa. Alikuta madai mengi si ya kweli. Wengine walishaacha kuuza, wengine hawakuwahi kuuza kabisa. Pengine baadhi ya wenye migahawa hawakukusudia kudanganya. Jina liliandikwa siku mzigo wa kwanza ulipofika, mkulima akaja kuacha, na hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Ubia una hatari zake pia. Mgahawa wenye mgavi mmoja wa mboga unaugua naye akiugua. Mkulima mwenye mteja mmoja yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu kuondoka kwa mteja huyo ni kufunga shamba. Mnunuzi mwenye nia njema hamzuii mgavi wake kuuza kwingine, na huwa na mgavi mwingine wa akiba ambaye hununua kwake mara kwa mara, si yule anayekumbukwa siku ya dhiki tu.

Mwaka 2020 mambo haya yalionekana wazi. Migahawa ilipofungwa kwa sababu ya korona, wafugaji nchini Marekani na Uingereza walimwaga maziwa, kwa sababu magari ya kuyapeleka kwa wanunuzi wa jumla hayakuwa na pa kwenda na viwanda havikuweza kubadilisha ufungashaji kwa siku chache. Wakati huo huo, kuna migahawa iliyosogeza meza pembeni, ikaweka mizani mlangoni, na kuanza kuuza kwa kilo mboga, mayai na unga wa wagavi wake. Haikupata faida kubwa. Ila iliporudi kupika, wagavi wale walikuwa bado wanalima.