Kutunza matoleo ya zamani ya gemu kabla sasisho halijayafuta

Wateja wengi wanaoleta kompyuta dukani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakiniambia "Fundi, nirudishie ile ya zamani," gemu zao hazina ubovu wowote. Zimesasishwa tu, na modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) walizozipanga kwa muda mrefu zimegoma. Duka la mtandaoni hukuuzia gemu kwa jina, lakini linachoweka kwenye diski yako ni toleo la siku hiyo, ambalo kesho linaweza kufutwa na jipya.

Wakati mwingine kinachoondoka ni sehemu ya gemu yenyewe. Gemu ya GTA IV ilitoka mwaka 2008. Leseni za baadhi ya nyimbo zake zilipokwisha, Aprili 2018 lilitolewa sasisho lililoziondoa, na Vladivostok FM, stesheni ya redio ya ndani ya gemu hiyo, ndiyo iliyoumia zaidi. Aliyekwisha kulipa hakusalimika.

Kwa gemu ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, kazi yangu ya kwanza ni kufungua folda ya steamapps na kutafuta faili ambalo jina lake huanza na appmanifest, likafuatwa na namba ya gemu na kuishia na .acf. Ukilifungua kwa Notepad utaona buildid, yaani namba ya toleo, na chini yake namba ndefu ya manifest (orodha ya mafaili ya toleo hilo) kwa kila depot, yaani kila fungu la mafaili ya gemu hiyo. Ziandike namba hizo. Kwa kuzitumia, mwenye akaunti iliyonunua gemu anaweza kuagiza toleo lile lile kwenye konsoli ya Steam (dirisha lake la kuandikia amri) kwa amri ya download_depot, mradi bado limehifadhiwa kwenye seva. Mimi sitegemei seva, maana kupakua upya gemu kubwa kwa bando ni gharama, kwa hiyo nakili folda nzima mapema na uweke namba zile pamoja nayo. Nakala isiyo na maelezo haya ni mzigo tu: baada ya miaka michache hakuna atakayejua ni toleo gani.

GOG, duka jingine la gemu, ni rahisi zaidi, kwa sababu hutoa faili la kusakinisha lisilohitaji akaunti wala intaneti. Angalia tu flashi yako: ikiwa imefomatiwa kwa FAT32 haitapokea faili linalofikia GB 4, basi tumia exFAT. Ukimaliza kunakili, fungua Command Prompt ya Windows, endesha certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na uhifadhi jibu lake, ambalo ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Ukirudia amri hiyo siku za usoni na herufi moja ya jibu ikawa imebadilika, utajua faili limeharibika.

Hifadhi pia mfumo wa kuendeshea. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Steam haihudumii tena Windows 7 na 8, ilhali baadhi ya gemu za zamani hutulia zaidi kwenye mifumo hiyo. Gemu inayotegemea seva ya kampuni ni habari nyingine: The Crew, gemu ya mbio za magari, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na mafaili yake pekee, hata yakiwa kamili, hayakutosha kuichezesha.