Sauti nzito ya Tony Iommi haikuzaliwa na nyuzi zilizolegea

Wiki iliyopita kijana anayepiga gitaa katika kwaya aliingia karakanani kwangu hapa Majengo, Dodoma, akaniamkia, akaweka mezani gitaa la umeme ambalo uzi wake wa sita, ule mnene kuliko zote, ulikuwa umelegea mpaka unagonga kila freti, yaani vile vyuma vyembamba vya shingoni, ukiguswa. Nilidhani vigingi vimechoka. Akanieleza kwamba amezilegeza nyuzi mwenyewe, kwa kuwa anataka sauti ya hevi metali, na kwamba ndivyo ilivyoanza: Tony Iommi, mpigaji gitaa wa bendi ya Kiingereza Black Sabbath, alikatwa vidole na mashine, akashindwa kubana nyuzi zilizokazwa, akazilegeza, na muziki mzima ukatoka hapo. Ni mtu wa nne kunisimulia habari hiyo mwaka huu. Nimeamua kuandika, kwa sababu simulizi hiyo inamnyang'anya mwanamuziki mkubwa kazi ya masikio yake na kuipa mashine ya kiwandani.

Ajali yenyewe ni ya kweli. Iommi alizaliwa Birmingham, Uingereza, tarehe 19 Februari 1948, katika familia yenye asili ya Italia ambamo akodiani ilikuwa chombo cha nyumbani, na kwa akodiani ndiko alikoanzia, ingawa alichokitamani kilikuwa dramu. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa kwenye siku yake ya mwisho ya kazi katika kiwanda cha mabati kabla ya kwenda kuishi kwa muziki. Mchana alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba harudi tena kazini, mama akamtaka amalize siku kama mtu mwadilifu, akarudi, akawekwa kwenye mashine ambayo haikuwa kazi yake ya kila siku, nayo ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Wengi wakisikia mkono wa kulia hudhani ni mkono wa kupigia. Iommi anatumia kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaotembea shingoni, na vidole hivyo viwili ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi.

Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akafinyanga vifuniko viwili vya vidole, akavisugua mpaka vikamwenea, kisha akavibandika ngozi ili vishike uzi bila kuteleza. Ningependa watu wakae na jambo hili muda mrefu zaidi kuliko wanavyokaa na habari ya damu. Mtu aliyevaa kifuniko cha plastiki hausikii uzi kwa ngozi yake. Hajui kama amebana sana au kidogo, wala hajui kama yuko katikati ya freti au pembeni, mpaka sauti itoke kwenye ampli na kumwambia. Tangu siku hiyo sikio lake lilifanya kazi ambayo sisi wengine tunaiachia ncha ya kidole.

Sasa tuje kwenye nyuzi. Hatua ya kwanza aliyoichukua kupunguza mkazo haikuwa kulegeza. Alitafuta nyuzi nyembamba, na kwa kuwa seti za namna hiyo hazikuwa zikiuzwa, alichukua nyuzi za banjo akaziweka mahali pa zile nyembamba za gitaa, kisha akasogeza nyingine nafasi zinazofuata. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa Oktoba 1969, kazi ya takribani siku moja, ikatoka Februari 1970, na ya pili ikatoka Septemba mwaka huohuo. Zote mbili zimepigwa kwa tuni ya kawaida, uzi wa sita ukiwa E, kama gitaa lolote la kwaya yoyote hapa Dodoma. Kushuka semitoni tatu (semitoni moja ni umbali wa freti moja), mpaka C#, kunasikika katika nyimbo kadhaa za albamu ya tatu, Master of Reality, ya mwaka 1971. Ajali ni ya 1965, sauti nzito ilinaswa studio mwaka 1969, na nyuzi zilizoshushwa zikafika kwenye rekodi miaka sita baada ya ajali. Mtu anayesema kulegeza ndiko kulikozaa uzito anatakiwa anieleze albamu mbili za mwaka 1970 zilipata wapi uzito wake.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu inatosha peke yake. Baada ya ajali, Iommi akiwa ameshakata tamaa, bosi wake wa kiwandani alimpelekea sahani ya santuri, akamlazimisha aisikilize, halafu akamwambia kwamba mpigaji huyo anatumia vidole viwili tu. Alikuwa Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, ambaye mwaka 1928 aliungua moto ulioteketeza gari la makazi la familia yake, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na kidogo, vikapooza. Solo zake za jazi alizipiga kwa vidole viwili vilivyobaki. Je, Django alilegeza nyuzi? Hapana. Alipiga gitaa la mbao kwa tuni ya kawaida, kwa kasi ambayo wapigaji wenye vidole vyote wanaihangaikia mpaka leo. Kama kuumia vidole kungekuwa kunazalisha hevi metali, ingezaliwa Paris, alikopigia Django, katika miaka ya 1930. Iommi alichokichota kwa Django kilikuwa uhakika kwamba inawezekana, pamoja na mapenzi ya jazi ambayo hayakumtoka. Vile vipande vifupi vya gitaa la mbao vilivyowekwa katikati ya albamu za Black Sabbath, ambavyo vijana wengi huviruka, vinaonyesha upande huo wazi kabisa.

Kabla Iommi hajamsikia Django alikuwepo Hank Marvin wa kundi la The Shadows, na huyu hutajwa kwa haraka mno. Marvin alipiga gitaa safi, bila mkwaruzo wowote, likishika nafasi ya mwimbaji. Rifu ya Iommi, yaani kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ina tabia hiyohiyo: ni melodia fupi unayoweza kuiimba kwa mdomo, na ndiyo maana mtu asiyejua Kiingereza huikumbuka. Bluzi aliipata pamoja na wenzake, Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward, walipoanza kupiga pamoja mwaka 1968. Mwishoni mwa mwaka huo alikaa muda mfupi sana na bendi ya Jethro Tull, akarudi Birmingham na nidhamu ya kufika mazoezini asubuhi. Ward naye alilelewa na jazi ya bendi kubwa, na ukisikiliza dramu zake utaona zinabembea, hazigongi kama nyundo.

Halafu kuna Holst. Butler alikuwa akipenda Mars, sehemu ya kazi ya okestra iitwayo The Planets ya Mwingereza Gustav Holst, na alikuwa akiichezea kwenye besi mazoezini. Muda mfupi baadaye Iommi akaja na rifu inayofungua albamu ya kwanza: G, G ya oktavu ya juu, kisha C#. Kati ya G na C# kuna semitoni sita, nusu kamili ya oktavu, umbali usiotulia popote. Noti tatu, tuni ya kawaida, mwendo wa polepole. Uzito wote umo humo.

Nirudi kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, yaani imani kwamba uzito maana yake ni noti ya chini, na noti ya chini maana yake ni kigingi kuzungushwa nyuma. Uzi wa sita uliotuniwa E hutetema mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha semitoni tatu unatetema mara 69. Sasa uache E ilivyo, uipige pamoja na noti yake ya tano, B, inayotetema mara 123, na upitishe zote mbili kwenye ampli iliyosukumwa mpaka distoshoni, yaani mpaka sauti ikwaruze. Ampli iliyozidiwa haipitishi noti mbili kando kwa kando. Inazichanganya, na katika mchanganyiko huo hutokea noti ya tofauti yao, ambayo ni mitetemo 41, oktavu nzima chini ya E uliyoipiga. Kulegeza kumekupa 69, noti ya tano imekupa 41, na hukugusa kigingi. Ndiyo maana kodi za noti mbili zilikaa vizuri kwenye muziki huu, na ndiyo maana ukiongeza ile noti ya tatu ya kodi kamili kwenye distoshoni nzito unapata tope, kwa sababu tofauti zake zinaangukia mahali pasipopatana.

Hapa nina mashaka ninayoyabeba kila ninapofundisha. Spika ya kawaida ya gitaa haiwezi kutoa vizuri mitetemo 41. Sehemu ya uzito huo inatoka kwenye spika, na sehemu inakamilishwa na ubongo, ambao ukisikia noti mbili zinazopatana huijaza ile ya chini yake. Kiasi gani ni spika na kiasi gani ni msikilizaji, kwa vifaa vya karakana yangu siwezi kutenganisha, na wanafunzi wangu nawaambia hivyo.

Wanafunzi wa Ugogo hulielewa jambo hili upesi, na ninaamini sababu ni ilimba. Babu yangu alikuwa nayo. Kwenye ubao wake kulikuwa na tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke ikiwa na mkwaruzo wake, na hakuna mzee aliyewahi kusema chombo hicho kimeharibika. Mkwaruzo ule uliongeza sauti juu ya noti, ukaipa mwili na kuifanya ifike mbali. Uimbaji wa Kigogo nao umejengwa juu ya sauti za juu zilizomo ndani ya noti moja, na mtu aliyemsikiliza Hukwe Zawose akiimba na zeze lake anajua ninachosema. Iommi hakuwa na habari na ilimba, wala sidai undugu wowote kati ya Birmingham na Ugogo. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa hapa linajua tayari kuwa mkwaruzo ni sehemu ya noti.

Je, vidole havikuchangia chochote katika kulegeza? Vilichangia. Iommi mwenyewe amesema kwamba nyuzi zilizoshushwa zilimrahisishia kuvuta noti, na amesema pia kwamba alipenda ukubwa wa sauti iliyotokea. Ukishusha semitoni tatu kwa uzi uleule, mkazo hupungua kwa takribani asilimia 29, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye vifuniko vya plastiki. Tena gitaa lake kuu, Gibson SG, lina urefu wa uzi wa sentimita 63 hivi, ilhali Fender Stratocaster aliyoanza nayo, na ambayo pikapu yake, kile kinasa cha mitetemo ya nyuzi, ilikufa wakati wa kurekodi albamu ya kwanza, ina karibu 65. Tofauti hiyo peke yake hupunguza mkazo kwa kama asilimia 6. Mimi naamini sikio lilitangulia na kidole kikafaidika, kwa kuwa kama maumivu yangekuwa sababu kuu angeshusha tangu 1965. Lakini kidole na sikio ni vya mtu mmoja, na inawezekana mwenyewe naye hakuviona kama vitu viwili.

Ninachokikataa ni kuiga nusu. Iommi alishusha nyuzi akiwa na mkono ulioufahamu mkazo mdogo kwa miaka, unaobana kwa kiasi na kusahihisha noti kwa kusikia. Kijana anayebana kwa nguvu zote kwenye uzi uliolegea anaupandisha nje ya tuni kila anapougusa, halafu analaumu gitaa. Na hapa Dodoma kuna tatizo jingine: tangu Mei mpaka Novemba hewa ni kavu mno, mbao zinasinyaa, ncha za freti zinachomoza pembeni ya shingo, na shingo iliyokwisha kupoteza karibu theluthi ya mvuto wa nyuzi inarudi nyuma mpaka nyuzi zinalala juu ya freti. Gitaa la kijana yule lilikuwa na magonjwa yote mawili.

Nililirudisha kwenye E, nikalegeza kidogo chuma cha ndani ya shingo, nikapiga msasa ncha za freti, nikamwomba apige E na B pamoja, polepole, ampli ikiwa imesukumwa. Alipiga mara tatu bila kusema neno, kisha akaiinamia spika. Baadaye akaniuliza kama bado anaweza kushuka C#, na nilimjibu kwamba anaweza, kwa masharti ya hesabu: ili mkazo ubaki uleule baada ya kushuka semitoni tatu, unene wa kila uzi uongezwe kwa karibu asilimia 19, yaani seti inayoanza na 10 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) ibadilishwe na inayoanza na 12, na uzi wa sita uwe wa 54 au 56 badala ya 46. Mifereji ya mfupa wa juu wa shingo itabidi ipanuliwe kuzipokea. Ameagiza nyuzi hizo Dar es Salaam, nami nimeshatenga tupa ya kupanulia mifereji.