Kwa nini kuipa nyanya ya asili kinga ya virusi huchukua miaka mingi?

Mkulima wa nyanya Tanzania akiona majani ya juu yamejikunja, yamepauka na mche umedumaa, husema shamba limeingia rasta. Virusi vya ugonjwa wa namna hiyo, vinavyobebwa na inzi weupe, viligunduliwa kuwa vimeingia Hispania mwaka 1992. Kule Alicante, kusini mashariki mwa nchi hiyo, watu walikuwa na nyanya zao za jadi: Muchamiel, kubwa, bapa na yenye mikunjo, na De la pera, ndogo yenye umbo la pea. Hazikuwa na kinga dhidi ya virusi hivyo, wala dhidi ya vile vinavyobebwa na vithiripi, wadudu wadogo sana, wala vya batobato, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, vinavyoenea kwa mikono na visu vya kupogolea. Wakulima wakakimbilia mbegu chotara zenye kinga. Walaji wakabaki wanaitafuta ladha.

Kinga yenyewe ilikuwepo. Jeni ya Ty-1, inayokinga virusi vya inzi weupe, ilitoka kwa nyanya pori ya Amerika Kusini iitwayo Solanum chilense; Tm-2a, ya batobato, na Sw-5, ya virusi vya vithiripi, zilitoka kwa ndugu yake, Solanum peruvianum. Matunda ya mimea hiyo ni madogo na hubaki kijani hata yakiiva. Kachumbari yake usiitamani.

Kuchavusha ni kazi ya dakika chache: unafungua ua kabla halijachanua, unang'oa stameni, yaani sehemu za kiume za ua, kwa kibanio, unapaka chavua ya mmea wenye kinga. Shida ni mtoto anayezaliwa, maana hurithi nusu ya kila kitu, kizuri na kibaya. Kwa hiyo anachavushwa tena na Muchamiel, na wajukuu vilevile, kizazi baada ya kizazi. Urithi wa kigeni hushuka kutoka nusu hadi robo, kisha thumni. Ukirudia mara 8 hubaki sehemu 1 kati ya 512. Kila mzunguko, karibu nusu ya miche huwa haikupata jeni unayoitaka. Zamani ulilazimika kuiambukiza miche ndipo uijue. Siku hizi kipande cha jani kinapelekwa maabara na jibu linarudi mche ukiwa bado kitaluni.

Lakini hesabu hiyo ni ya wastani tu. Jeni haisafiri peke yake, huja imeshikamana na kipande cha kromosomu, ule uzi unaobeba jeni nyingi, na majirani zake humo hawakualikwa. Ty-1 ndiyo king'ang'anizi zaidi: kwenye kromosomu ya 6, baadhi ya sehemu za nyanya pori zimegeuka, mwanzo umekuwa mwisho, ukilinganisha na nyanya ya shambani. Kromosomu mbili zisizolingana hushindwa kubadilishana vipande, hivyo kipande cha pori hubaki kirefu hata ukichavusha upya mara ngapi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández, cha hukohuko Alicante, walioianza kazi hii mwaka 1998, walilipia gharama hiyo. Mwaka 2011 waliitangaza UMH 1200, Muchamiel yenye kinga ya virusi vyote vitatu. Hata hivyo waliona kuwa mimea yenye Ty-1 huzaa kidogo kuliko ndugu zake wasio nayo. Kwa hiyo, na hapa ndipo ninapowavulia kofia, waliandaa pia aina zenye jeni mbili tu, bila Ty-1, kwa mkulima ambaye inzi weupe si tishio shambani kwake.